Lina Maji

Nyevu alilijua kwa funda la kwanza. Aliirudisha bilauri mezani polepole, akajilamba mdomo kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi usiotiwa chumvi, akasema, "Lina maji hili."

Kyalo, mumewe, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kalipa dirisha mgongo. Akacheka. "Mgema akisifiwa..." akaanza, akangoja. Methali hiyo ilikuwa mali yao wawili. Baba yake Nyevu alikuwa mgema, mgema kweli wa kupanda minazi na kibuyu kiunoni kule Kaloleni, na tangu waoane Kyalo hakuchoka kuianza ili mkewe aimalizie. Siku hiyo mkewe hakuimalizia.

"Sitanii, Baba Mwende. Tembo hili lina maji."

"Basi ni ulimi wako umechoka na chai," alisema Kyalo, akaikinga bilauri yake kwa kiganja kama anayeficha karata.

Lililokuwa mezani halikuwa tembo, lilikuwa wiski. Lakini Nyevu alikulia chini ya minazi, na kwake kila kileweshacho kilikuwa tembo: wiski tembo, brandi tembo, jini tembo la wagonjwa. Walimu walijaribu kumnyoosha, wakashindwa. Mume naye alijaribu, mwishowe akaanza kusema vile vile.

Walikuwa wapangaji wa orofa ya juu katika nyumba ya Bi Shekue, Kuze, Mombasa, mahali ambapo ukuta wa jirani ndio ukuta wako na adhana ya msikiti huu huidaka ya msikiti ule. Mtaa wa watu wa dini. Hakuna aliyewakataza kunywa, lakini heshima haingoji kukatazwa. Chupa iliingia ndani ya kikapu, chini ya mchicha, na ikiisha ilitoka ndani ya kikapu kile kile ikaenda kutupwa Shimanzi, karibu na godauni la chai alikofanya kazi ya kuonja Nyevu. Bi Shekue, aliyejua hata paka gani wa mtaani ana mimba, hakupata kuiona chupa hiyo. Hakutaka kuiona, Mungu amlipe.

Kunywa kwao kulikuwa na kanuni. Mzinga mmoja, chupa kubwa, unafunguliwa, na haununuliwi mwingine mpaka huo uishe. Unanywewa Jumamosi, magharibi ikishapita, na wananywa wote wawili. Mtu hanywi peke yake. Na kabla ya funda la kwanza, tone moja huenda kwa koma, wale wazee waliotangulia, kama alivyofanya baba yake Nyevu maisha yake yote. Kwa kuwa orofani hakuna udongo wa kumwagia, tone lilimwagwa kwenye chungu cha mrehani kilichokuwa roshani. Kyalo, Mkamba wa Makueni na mwimbaji wa kwaya, alikuwa akisema kwamba koma wa Kigiriama sasa wamezoea vya Uskochi na wakirudishiwa mnazi watagoma.

Hawakuwa watu wa fedha, ila hawakuwa wajinga. Kyalo aliendesha kreni bandarini Kilindini, na alisema nusu ya vinywaji anavyovishusha ni makaratasi. "Sanduku halinywewi," alisema kila wakisimama mbele ya rafu za duka la vinywaji alikouza Becky, pale Mwembe Tayari, na mikono yao miwili ikayapita masanduku ya dhahabu ikaenda rafu ya katikati. Huko ndiko walikokuwa na marafiki, nao waliwaita kwa picha za karatasi zao. Mzee Kofia ilikuwa wiski iliyochanganywa, isiyotaja umri wake kama mwanamke mwenye akili, ya bei ya kawaida na yenye harufu ya karanga zilizokaangwa. Bibi Zabibu ilikuwa brandi ya masika. Baharia ilikuwa ramu, na ilitaka ndimu na kipande cha tangawizi, la sivyo ilimsuta mtu asubuhi.

Aliyechagua ni Nyevu. Aliitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga, akatazama shanga, yale mapovu madogo yanayojipanga shingoni. Shanga zikikaa, tembo lina nguvu. Zikikimbia, lina maji. Kisha Becky, msichana wa dukani, humpa tone la chupa iliyokwisha funguliwa, naye hulisugua kiganjani, hungoja likauke na kunusa. Kama imebaki harufu ya kitu, nafaka au zabibu au moshi, wananunua. Kama hakikubaki kitu, wameuziwa rangi. Kyalo alisimama pembeni akimtazama kwa fahari ya wazi kabisa, na akipita mtu humwambia, "Huyu ni binti wa mgema."

Sasa utauliza, maji kidogo ndani ya chupa yana nini cha kumnyima mtu usingizi? Kwa mwingine, hayana kitu. Kwa Nyevu yalikuwa na kaburi ndani yake.

Alikuwa na kaka, Chirau. Mtoto mzuri, mwenye sauti, mwenye mizaha. Chirau alianza kuliiba tembo la baba kidogo kidogo na kukijaza kibuyu maji ili kisionekane kimepungua. Aliyelitambua wa kwanza alikuwa Nyevu, msichana bado, kwa ulimi. Chirau akamwambia, "Nisikilize, dada, usiseme, nitaacha." Nyevu akamsikiliza. Hakusema. Chirau hakuacha. Aliliacha la nyumbani akaenda kwenye makali zaidi, na mwisho wake aliokotwa mtaroni njia ya Mariakani, amelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Tangu hapo Nyevu alijiapiza mambo mawili: hatanyamaza tena, na hatalala nyumba moja na mtu anywaye kwa siri. Kyalo alimchumbia akiyajua yote mawili, na ile kanuni ya kunywa wote wawili aliitoa yeye mwenyewe, ili amtulize.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu Nyevu alimvaa Becky. Hakupiga kelele, maana Nyevu hakuwa mtu wa kelele, lakini maneno yake yaliwafanya wateja wawili wasogee kando. Alimwambia biashara ya kutia maji ina laana yake, na kwamba hata baba yake, mzee asiyejua kusoma, hakumfanyia mtu hivyo. Becky aligeukia rafu. Alishusha Mzee Kofia mwingine, akamwonyesha stika ya ushuru iliyo nzima, akaifungua mbele yake, akamtilia kwenye kifuniko.

Karanga zilizokaangwa. Moto mzuri kooni. Shanga zilikaa shingoni hata hazikutaka kushuka.

"Mamangu," Becky akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, "mimi nawauzia ninyi tangu nije Mombasa."

Nyevu alinunua Bibi Zabibu ashike nafasi ya ule mzinga wenye maji, kwa aibu, wala hakuomba radhi. Jumamosi ya kwanza brandi ilikuwa brandi. Jumamosi ya pili ilikuwa imepoa. Jumamosi ya tatu ilikuwa kama maji yaliyosuuzia chupa ya brandi. Dukani hapakuwa na mwizi, basi. Mwizi alikuwa ana ufunguo wa nyumba.

Akaanza kumtazama mumewe, na mtu akishakuwa na shaka haoni kitu kingine. Kyalo amekonda, mlevi hukonda. Kyalo anaacha ugali nusu sahani. Kyalo ana karafuu mfukoni, anatafuna kutwa. Nani asiyejua karafuu huficha nini? Kyalo, aliyekuwa akitoka bandarini moja kwa moja mpaka nyumbani, siku hizi anapotelea mahali katikati ya wiki, na akiulizwa husema alikuwa na watu wa kazini.

Bi Shekue, kwa Kimvita chake, akamwita barazani. "Ndoo, mwanangu, keti." Alimshika mkono, akaubana. "Mumeo yuwapungua. Na mato yake si mato yake. Mwangalie."

"Namwangalia, Bi Shekue."

"Mwangalie vyema. Mume ni wako, lakini jicho ni la jirani."

Uso ulimwaka Nyevu. Bibi wa watu, kwa kutaja macho, alikuwa akimwambia mumewe ni mgonjwa. Nyevu alisikia kwamba mumewe ni mlevi na mtaa mzima umejua, kwamba mchicha wote ule wa miaka mingi haukuficha kitu. Alipanda ngazi akaketi jikoni, akalia kwa hasira, na katika kulia kwake akapanga hila.

Alimwaga brandi yote iliyobaki kwenye sinki. Akaenda duka jingine, maana kwa Becky aliona haya, akanunua ramu kali kuliko zote walizokuwa nazo, yenye rangi ile ile, akaijaza chupa ya Bibi Zabibu mpaka pale ilipokuwa imefika brandi. Akaifunga, akairudisha kabatini. Alitaka aonje tu mwizi wake. Alitaka auone uso wa mumewe ukibadilika, mume ajue kwamba mke amejua.

Jumamosi ikafika. Kyalo alikuwa amevaa shati alilolipenda Nyevu, la rangi ya bahari, nalo lilimpwaya mabegani. Nyevu alimwaga tone kwenye mrehani, akarudi mezani, akamjazia bilauri kupita kawaida. Yake aliigusa tu kwa midomo.

Kyalo alipiga funda, akakoma. Alilizuia kinywani muda. Akaitazama chupa, kisha akamtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akimtazama bila ya kupepesa.

"Vipi?" akauliza Nyevu. "Lina maji?"

"Hapana," alisema Kyalo baada ya kulimeza. "Leo halina." Akaiinua bilauri, akainywa yote.

Nyevu aliyategemea mengi, hilo hakulitegemea. Lilimchoma kuliko kama angekana. Aliona mtu asiyeona haya, anayemnywea mbele ya uso wake. "Nimelibadilisha mimi," alisema. "Nimejua kitambo. Mimi ni nani nisijue tembo lililotiwa maji, Kyalo?"

Hakupata kumwita Kyalo tangu Mwende, binti yao, azaliwe.

"Maji nilitia mimi," Kyalo akasema. "Ni kweli. Lakini nisikilize, Mama Mwende..."

"Chirau naye alisema nisikilize!" Sasa alikuwa amesimama, na sauti ambayo hakuwa nayo dukani alikuwa nayo hapa. "Nikamsikiliza, nikamzika. Mimi sisikilizi tena. Kanywe unakonywea katikati ya wiki, na hao unaonywa nao. Hapa kwangu halali mlevi."

Kyalo aliinuka nusu, akarudi kitini. Alikuwa ameushika ubao wa meza kwa mikono yote miwili. Alimtazama mkewe kwa huruma, na Nyevu aliichukia huruma ile, akaingia chumbani akatia komeo.

Alfajiri, kabla adhana haijamalizika, alisikia kishindo. Alimkuta mlangoni pa choo, magoti chini, na sakafu mbele yake ilikuwa damu. Bi Shekue alipanda ngazi kwa miguu yake mibovu, kanga moja kichwani moja kiunoni, akaita vijana wa mtaa, wakambeba Kyalo kwenye shuka mpaka barabarani, maana gari haliingii Kuze.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole, aliyechoka. Alimuuliza Nyevu kama mgonjwa alikunywa kitu. Nyevu akasema ndiyo. Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, hata tone nilimkataza. Tangu nilipomwona mara ya kwanza. Huwa anakuja katikati ya wiki, akitoka kazini. Alisema nyumbani wanajua."

Ini lilikuwa limeharibika. Si kwa pombe, daktari alisema, ni homa ya ini ya zamani iliyomkaa damuni bila yeye kujua, ikalila ini polepole. Karafuu zilikuwa za kichefuchefu. Ndiyo habari yote. Nyevu aliisikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza wodi iko wapi.

Alikaa kitandani kwake. Kyalo alikuwa macho, na macho yenyewe yalikuwa manjano kama binzari, jambo ambalo Bi Shekue aliliona kutoka barazani na mke hakuliona kutoka mezani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelimwaga lote siku ile ile." Sauti ilikuwa ndogo, ilibidi Nyevu ainame. "Ungeniwekea uji. Na Jumamosi yetu ingekufa kabla yangu. Nikasema nitalitia maji kidogo kidogo, mpaka yawe maji matupu. Ulimi wako uzoee. Tuketi tu pale, tuzungumze. Nilisahau nimeoa binti wa nani." Alijaribu kucheka.

"Na lile la jana? Ulilijua. Mbona ulilinywa?"

Kyalo alifikiri. "Ulinimiminia wewe," akasema. "Na ulikuwa umenikazia macho. Nilijua nikiliacha utaniuliza kwa nini, na jibu sikuwa tayari nalo. Nikasema, moja tu."

Nyevu aliulaza uso wake kwenye mkono ule uliokuwa mkubwa zamani. Alitaka kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa nisikilize.

Mwende alikuja kutoka Thika akamkuta baba yake bado anaongea. Hakuongea siku nyingi. Daktari alimwambia Nyevu, tena na tena, kwamba si bilauri ile, kwamba ini lilikuwa limekwisha kwenda na pengine bilauri haikuongeza wala kupunguza. Alisema kwa ukarimu, na Nyevu alimshukuru. Hakumwamini. Wala mimi sikuwekwa hapa nimhukumu. Bilauri ni moja, na aliyeijaza anajijua.

Walimzika kwao Makueni, kwenye udongo mwekundu, kwaya yake ikiimba. Wazee wa huko walimheshimu mjane, wakamwachia atupe udongo wa kwanza. Kisha akarudi Kuze, na Jumamosi zikaanza kuja. Zilikuja kama wageni wasioambiwa kwamba mwenyeji amefariki. Ya kwanza aliipitisha kwa Bi Shekue, akichambua mchele usiokuwa na kitu cha kuchambuliwa. Ya pili alilala mchana ili isimkute.

Iliyofuata alichukua kikapu akaenda Mwembe Tayari.

Becky alimwona akatoka nje ya kaunta. Nyevu akasema, "Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe." Becky alikuwa amekwisha sikia msiba. Alimkumbatia pale pale, watu wakipita, kisha akamshushia Mzee Kofia bila ya kuulizwa. Nyevu hakuitikisa chupa wala hakutazama shanga. Akaifunika kwa mchicha.

Bi Shekue alikuwa barazani na tasbihi yake. Macho yake yalishuka mpaka kwenye kikapu, yakakaa pale, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo.

"Pita, mwanangu," akasema. "Mticha wako usije ukanyauka."

Nyevu alipanda ngazi. Alitandika kitambaa, akaweka bilauri mbili, na kiti cha Kyalo akakipa dirisha mgongo. Aliifungua chupa akaonja. Lilikuwa kali, zuri, tembo la kusifiwa. Hilo Kyalo asingeliweza.

Akamimina nusu ya chupa kwenye sinki, akaongeza maji ya mtungi. Akaonja. Bado kali. Akamwaga tena, akatia tena, akaonja, akifunga macho, akiitafuta kwa ulimi wake ule ule ladha aliyoikataa, kipimo alichokipima mtu mwingine jikoni hapo, peke yake, mlango umefungwa, akichunga asimwage. Zamani alikuwa akiulizwa lipi zuri. Sasa alitaka lile baya, na alihofia asilipate tena. Alitia kidogo. Alitia kidogo tena. Na alipolipata alilijua kwa funda la kwanza, akaishika meza, akalia kwa sauti, asijali ukuta ni wa nani.

Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Alijaza bilauri moja akaichukua roshani, ambako mrehani, usiotiliwa maji tangu msiba, ulikuwa umekauka majani ya chini. Akainama kwenye chungu, akamimina polepole, si tone, bilauri nzima.

"Kunywa, Baba Mwende," akamwambia. "Lina maji."